Mninga Chini ya Rangi: Ninavyonunua, Kukarabati na Kuuza Fanicha za Zamani Tabora

Faida ya biashara hii hupatikana siku ya kununua. Ukishatoa pesa kwa kabati bovu, hakuna msasa wala vanishi itakayokurudishia. Kwa hiyo kwenye kununua nitakaa sana, kwingine nitapita haraka.

Mimi niko Ng'ambo, Tabora mjini. Nanunua fanicha zilizotumika, nazifanyia kazi kibarazani kwangu chini ya turubai, kisha naziuza. Kitu kipya sitengenezi. Mteja wangu ni mwalimu aliyepangiwa kazi huku na ana chumba kitupu, mwenye gesti, au mama anayetaka kabati la vyombo ambalo wajukuu wake nao watalirithi. Huyo wa mwisho ndiye ninayempenda, maana anajua anachokitafuta: mbao ya mninga.

Mji wetu ni wa watumishi. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na tangu hapo watu wanakuja kwa kazi na kuondoka kwa kazi. Walimu, askari, manesi, watu wa reli, leo yupo, kesho ana barua ya uhamisho. Kulisafirisha kabati mpaka Mtwara kunaweza kuzidi bei ya kabati lenyewe, basi linauzwa. Wanaojua mapema nani anahama ni madalali wa vyumba na vijana wa maguta. Kaa nao vizuri, na mtu akikuunganisha ukanunua, mpe chake siku hiyohiyo.

Chanzo kingine ni familia zinazogawana vitu vya wazee. Huko nenda na adabu. Kijana anaweza kukupigia simu uje uchukue kabati, kumbe mama yake hajaridhia. Mimi nikifika nakaa kwanza, nasalimia, kisha namgeukia mwenye nyumba: "Mama, shikamoo. Mwanao ameniambia kuna kabati la kuuza. Wewe mwenyewe umeridhia litoke?" Akisita, nashukuru maji niliyopewa na kuaga. Kitu kilichotoka ndani kwa kinyongo sikitaki barazani kwangu.

Ipo pia minada ya mali chakavu za taasisi. Bei huwa nzuri, ila omba stakabadhi na uitunze. Meza yenye namba ya ofisi au shule iliyopigwa kwa rangi, na anayeiuza hana karatasi ya mnada, usiiguse hata kama ni ya bure.

Sasa tuje kwenye mbao yenyewe. Fanicha nyingi za zamani hapa zimepakwa rangi ya mafuta mara tatu, nne: kijani, krimu, kahawia ya kung'aa. Muuzaji anaona kabati lililochakaa. Wewe unatafuta kilicho chini ya hiyo rangi. Usikwangue mbele, utamuudhi mwenye mali. Toa droo nzima, igeuze, tazama chini na pembeni, kwa sababu mafundi wa zamani hawakuwa wanapaka rangi huko. Lowesha kidole, pitisha kwenye mbao kavu. Mninga ukipata maji huamka: kahawia yenye dhahabu, yenye michirizi inayokolea kuelekea wekundu. Ukiona ukanda mweupe wa manjano pembeni mwa ubao, hiyo ni sehemu ya nje ya mti, na kitu kilichokolea ndicho kiini. Mkurungu ni mwekundu zaidi na mzito zaidi. Nyanyua upande mmoja wa meza utajua. Msindano ni mwepesi, una mafundo, na ukucha unaacha alama.

Halafu kuna makabati ya vumbi la mbao lililogandishwa na kuvishwa karatasi yenye picha ya mbao. Yakishaingiwa maji miguuni yanavimba, na hayarudi tena. Hata kwa elfu kumi sinunui.

Chunguza wadudu. Gonga miguu na mgongo wa kabati kwa kiganja. Unga mlaini, mweupe, ukimwagika kwenye sakafu, wadudu wako hai ndani. Kwenye mninga mara nyingi wanakula ule ukanda mweupe na kukiacha kiini, kwa hiyo usikimbie. Pima tu kama ukanda huo ndio unaobeba uzito. Matundu kwenye mgongo wa kabati ni kazi ndogo, kwenye mguu ni kubadilisha mguu, na hiyo ni hesabu ya fundi.

Tukisema hesabu, kanuni yangu ni moja: bei ya kununua isizidi robo ya bei nitakayouzia. Chukua kabati la vyombo la mninga ambalo najua litatoka kwa 280,000. Nitalinunua kwa 70,000, zaidi ya hapo naondoka. Guta 6,000. Dawa ya kuondoa rangi 15,000, msasa 5,000, gundi 4,000, sila (ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi) na vanishi 25,000, bawaba na vitasa 10,000, fundi wa kubadilisha ubao wa nyuma 20,000. Hiyo ni 155,000. Bado mikono yangu mwenyewe: siku tatu kwa 15,000, jumla 45,000. Tumefika 200,000, na 80,000 ndiyo faida. Bei za kwenu zitapishana na hizi, lakini mstari wa mikono yako usiufute. Wengi wanaouacha hujiona wanapata, kumbe wanajilipa kibarua na kukiita faida.

Kazi inaanza na rangi kutoka. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo usisugue rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Paka dawa ya kuondoa rangi, acha ivimbishe, kisha kwangua kwa bati butu kufuata nyuzi za mbao. Vaa glavu za mpira, kaa penye upepo, watoto wawe mbali. Maganda yakusanye kwenye gazeti uyatupe, yasibaki uani kuku wakadonoa. Magadi makali ya kuchomea rangi siyatumii kwenye mninga. Yanaunguza rangi ya mbao ikawa nyeusi, na uzuri uliolipia ndio huo.

Mabaki kwenye kona nayamalizia kwa kipande cha kioo kilichovunjika, wanavyofanya maseremala wetu. Ukikishika kwa kitambaa, ukakilaza kidogo na kukivuta kuelekea kwako, kinatoa utepe mwembamba kuliko randa.

Viungo vinavyocheza visipigwe misumari. Msumari unapasua ulimi wa mbao, ile ncha inayoingia kwenye tundu la mwenzake, na anayekuja baada yako hana pa kushika. Bomoa kiungo taratibu kwa nyundo ya mpira au nyundo ya kawaida iliyowekewa kipande cha mbao. Kwangua gundi ya zamani mpaka uone mbao tupu, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, rudisha, ubane. Kama huna jiliwa, kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, uzungushe kwenye kiungo huku ukiuvuta kwa nguvu zako zote, kila mzunguko ukiongeza kukaza. Tabora tyubu mbovu hazijawahi kuadimika. Futa gundi iliyochuruzika kwa kitambaa kibichi kabla haijakauka, la sivyo vanishi itaacha doa hapo. Iache mpaka kesho yake.

Msasa: namba 80 pale tu penye makovu, kisha 120, 180, mwisho 240. Daima fuata nyuzi. Kabla ya namba ya mwisho, pitisha kitambaa chenye maji kidogo, vinyweleo vya mbao visimame, vikikauka uvikate. Funga pua na mdomo, maana vumbi la mninga huwasha pua na kifua, na kuna watu ngozi zao hazilivumilii kabisa.

Kupaka kunategemea majira. Kwetu mvua hunyesha karibu Novemba hadi Aprili, na hewa ikiwa na unyevu sila na vanishi ya kukauka haraka huganda na ukungu mweupe. Masika napaka saa tano hadi saa nane mchana, jua likiwa limetoka. Agosti na Septemba adui ni vumbi: namwagia maji uwanja kwanza na kushusha turubai upande wa upepo. Sila mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili, msasa 320 katikati, kisha vanishi. Thina inashika moto upesi, kwa hiyo jiko la mkaa lisiwe karibu.

Kwa kabati, sanduku na kitanda napenda nta kuliko vanishi, na hapa ndipo Tabora inatupendelea. Tuko kwenye nchi ya asali, nta haitupi shida. Chukua gramu 100 za nta safi, iliyochujwa kwa kitambaa, uiweke kwenye kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, haihitaji moto mkali. Ikishayeyuka yote, epua na usogee mbali kabisa na jiko. Ndipo umimine mililita 300 za tapentaini kidogokidogo huku unakoroga. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Paka nyembamba kwa kitambaa cha pamba juu ya mbao iliyokwisha kupigwa sila mkono mmoja, subiri kidogo, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono uteleze. Mninga ukipata nta unaonekana una kina, na nyumba nzima inanukia mzinga. Meza ya kulia usiipake nta. Kikombe cha chai kina joto la kuiyeyusha. Meza ipate vanishi.

Kuna jambo kuhusu mninga ambalo linanifanya niipende kazi hii. Mti huu unakua kwa miongo, na misitu yetu ya miombo imekatwa mno. Mwaka 2019 mkurungu uliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na 2022 miti yote ya jamii yake barani Afrika, mninga ukiwemo, ikaongezwa. Kabati la babu lililopakwa rangi ya kijani ni mti ambao tayari ulikatwa. Kulitupa jikoni likaliwe na mchwa, halafu tukakate mwingine, naona ni dhambi.

Kwenye kuuza sina mengi. Piga picha asubuhi, kabla jua halijawa kali, mlango mmoja ukiwa wazi. Weka na picha ya lilivyokuwa. Chini ya droo usipake kitu, acha mbao tupu, ili mteja akija uitoe uigeuze, umpe maji alowanishe kidole mwenyewe. Akishaona, maneno yanapungua. Watumishi wengi wataomba kulipa mwisho wa mwezi. Mimi nakubali nusu kwanza na kitu kinabaki kwangu mpaka kimalizike kulipwa. Tunaandikishana, hata kama ni jirani.

Wakati wa kupeleka, sugua kipande cha nta kwenye njia za droo zisikwame. Mwambie mteja asioshe kabati kwa maji ya sabuni, kitambaa kikavu kinatosha, na asilisogeze ukutani kunakovuja. Mwaka ukiisha nampitia na kopo langu, nampaka nta upya kwa elfu kumi, na mara nyingi hapohapo ananiambia nani mtaani kwao anahama.