Somo: Mdundo wa Kiingereza cha kuzungumza

Kiswahili huipa kila silabi nafasi yake. Sema "wanauza samaki": silabi saba, zote zinasikika. Kiingereza hakiendi hivyo. Maneno machache mazito ndiyo yanayoshika mapigo, na silabi nyingine hubanwa katikati. Wanafunzi wengi wakishaambiwa hivyo huanza kupaza sauti kwenye mkazo. Kazi hasa iko upande wa pili: kufifisha silabi nyepesi. Zikififia, zile nzito hujitokeza zenyewe.

Hatua ya 1. Pigia mstari maneno mazito: nomino, vitenzi vikuu, vivumishi, vielezi, na ukanushi kama "not" na "don't". Maneno kama "the", "of", "and", "have" na "can" yaache mepesi.

Hatua ya 2. Fungua programu ya metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa) kwenye simu, weka mapigo 60 kwa dakika, kisha gonga meza penye herufi kubwa tu:

BOYS SELL FISH (silabi 3)
The BOYS are SELLing the FISH (7)
The BOYS have been SELLing the FISH (8)
The BOYS will have been SELLing the FISH (9)

Mapigo yanabaki matatu. Ukikwama kwenye sentensi ya nne, ulimi wako si mzito. Unatamka "will", "have" na "been" kila moja kikamilifu. Metronomu ni ya mazoezi tu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa katika mazungumzo ya kawaida nafasi kati ya mikazo hazilingani sawasawa.

Hatua ya 3. Jifunze irabu fifi, inayoandikwa ə. Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu Kiswahili hakina sauti hii. Legeza midomo, usifungue taya sana, toa sauti fupi katikati ya kinywa, isiwe "a" wala "e". Kisha: "to" ni tə, "of" ni əv, "and" ni ən, "can" ni kən, "was" ni wəz. Ndani ya neno pia imo: "banana" ni bəNAnə. Linganisha PHOtograph na phoTOgrapher. Mkazo ukihama, "o" ya kwanza inafifia kuwa ə, na ya pili inapata uzito.

Hatua ya 4. Funga konsonanti ya mwisho. Ukisema "fishi" au "selu" umeongeza silabi, na mdundo umeharibika. Neno linalofuata likianza na irabu, unganisha: "sell it" isikike "se-lit".

Hatua ya 5. Chukua sekunde 10 za rekodi ya mzungumzaji mzawa, andika alichosema, weka alama za mkazo, sema pamoja naye, kisha jirekodi na ulinganishe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nikiongeza kasi, si nitapata mdundo?
Marahaba. Hapana. Ukikimbiza silabi zote sawasawa utaeleweka kwa shida zaidi. Punguza mwendo kwenye neno zito, refusha irabu yake, bana yale mepesi.

Nachanganya "can" na "can't" kwenye simu.
Usiitegemee "t", mara nyingi haisikiki. Sikiliza irabu. "I can GO" ina kən. "I CAN'T GO" ina irabu kamili na uzito. Ila mwisho wa sentensi, kama "Yes, I can", hata "can" hutamkwa kamili.

Bei zinanichanganya: 15 na 50.
FIFty mkazo uko mwanzo. Ukitaja bei, sema fifTEEN, uzito mwishoni, irabu ndefu, na "n" isikike.

Kiingereza chetu cha Nairobi na Kampala kina mdundo wa silabi. Ni kosa?
Si kosa, na tunaelewana vizuri. Faida kubwa ya somo hili iko masikioni: asiyezijua silabi fifi husikiliza "will have been" akisubiri maneno matatu kamili, na mzungumzaji ameshafika kwenye sentensi nyingine. Kama lengo lako ni kuelewa tu, fanya hatua ya 3 na ya 5.