Jinsi ya kuweka rekodi za SPF, DKIM na DMARC bila kupoteza barua halali

Itifaki ya SMTP, ambayo imekuwa ikisafirisha barua pepe tangu mwaka 1982, haikuundwa na njia ya kuhakiki mtumaji, na ndiyo maana seva yoyote inaweza kutuma barua ikidai kwamba imetoka kwenye kikoa chako, yaani jina lako la mtandaoni. SPF, DKIM na DMARC ni rekodi za DNS (mfumo wa umma wa mtandao unaohifadhi taarifa za kila kikoa) zinazoziba pengo hilo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wawe nazo zote tatu, lakini hata anayetuma barua chache anazihitaji, kwa sababu jina linaloghushiwa ni lake. Katika mifano ifuatayo, weka kikoa chako mahali pa example.com.

Hatua ya kwanza: orodhesha wote wanaotuma kwa jina lako. Usiguse DNS kabla ya kujua ni mifumo gani hutuma barua kwa kikoa chako: seva kuu ya barua, mfumo wa ankara, huduma ya majarida, fomu ya tovuti, hata mashine ya kuskani inayotuma nyaraka. Waulize wahasibu na watu wa masoko, kwani mara nyingi wao ndio waliojiunga na huduma ambazo fundi hazijui. Hatua hii hurukwa sana, na barua nyingi zinazopotea baadaye chanzo chake huwa hapa.

Hatua ya pili: SPF. Hii ni rekodi ya TXT (ya maandishi) inayotaja seva zilizoruhusiwa, na `~all` ya mwisho huashiria kwamba nyingine zote zitiliwe shaka:

`example.com. TXT "v=spf1 ip4:192.0.2.10 include:_spf.example.net ~all"`

Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF; ukipata huduma mpya, ongeza `include` yake (kielekezi cha rekodi ya SPF ya huduma hiyo) ndani ya rekodi iliyopo, kwa maana rekodi mbili huhesabiwa kuwa hitilafu na uhakiki wote huanguka. Vilevile, maulizo ya DNS yanayotokana na rekodi hiyo, pamoja na yale yaliyofichika ndani ya kila `include`, hayapaswi kuzidi 10. Vipengele vya `ip4` na `ip6` havihesabiwi.

Hatua ya tatu: DKIM. Kila huduma inayotuma hutengeneza jozi ya funguo: ule wa siri hubaki kwenye seva na kutia saini kila barua, na ule wa umma huwekwa kwenye DNS, chini ya jina kama `ankara._domainkey.example.com`. Neno la mwanzo ni la kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine, hivyo huduma kadhaa zinaweza kuwa na funguo zao bila kugongana. Chagua ufunguo wa biti 2048. Kwa kuwa kipande kimoja cha maandishi ya TXT hakizidi herufi 255, ufunguo huo hugawanywa katika vipande viwili vyenye alama za nukuu. Baadhi ya paneli za DNS hugawanya zenyewe, nyingine hukata mwisho wa ufunguo kimyakimya, kwa hiyo hakiki kilichohifadhiwa.

Hatua ya nne: DMARC, kwa kuangalia tu. Hapa `p=none` humaanisha barua zinazoshindwa zisizuiwe, na `rua` ni anwani ya kupokea ripoti.

`_dmarc.example.com. TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com"`

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. SPF hukagua kikoa cha anwani ya kurudishia barua zilizoshindikana, ambayo msomaji haioni, na DKIM hukagua kikoa kilichotia saini. DMARC huongeza sharti kwamba angalau kimojawapo kifaulu na pia kilingane na kikoa cha anwani ya mtumaji ambayo msomaji anaiona. Tuma barua ya majaribio kutoka kila mfumo kwenda kwenye sanduku la nje, fungua chanzo cha barua, kisha utafute mstari wa namna hii:

`Authentication-Results: mx.example.org; spf=pass smtp.mailfrom=example.net; dkim=pass header.d=example.net; dmarc=fail header.from=example.com`

SPF imefaulu, DKIM imefaulu, na bado DMARC imeshindwa, kwa sababu zote mbili zimefaulu kwa jina la mtoa huduma, example.net, wala si kwa jina lako. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya huduma hiyo na kuwasha saini ya DKIM kwa kikoa chako mwenyewe.

Hatua ya tano: soma ripoti, kisha kaza. Seva zinazopokea hutuma ripoti za XML, kwa kawaida kila siku, zikionyesha anwani za IP zilizotumia jina lako na matokeo ya kila moja. Tumia programu ya kuzichambua, na usihame kutoka `p=none` hadi kila mtumaji halali afaulu, wakiwemo wale wa mwisho wa mwezi kama mfumo wa mishahara. Baada ya hapo weka `p=quarantine` (barua zinazoshindwa zitengwe, kwa mfano kwenye taka), uangalie tena, ndipo uende `p=reject` (zikataliwe kabisa). Barua inayopelekwa mbele na sanduku jingine kwa kawaida hushindwa SPF, kwa kuwa imetoka kwenye seva nyingine, ila saini ya DKIM husalia kama maudhui hayajabadilishwa. Kwa sababu hiyo sishauri kamwe kutegemea SPF peke yake.

Vikoa unavyomiliki lakini hutumi barua kupitia kwavyo havihitaji kusubiri: viwekee `v=spf1 -all` (hakuna seva inayoruhusiwa) pamoja na `v=DMARC1; p=reject` leo hii.