Kabla Hujajiwekea Katheta Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Ikiwa Inauma

Ukiona mtu analia kila anapojiwekea katheta, yaani mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, usidhani amekosa ujasiri. Mara nyingi tatizo lipo katika yale yaliyofanyika, au yaliyosahaulika, nusu saa kabla ya mpira kugusa mwili. Kibofu chenye uvimbe wa muda mrefu na njia ya mkojo iliyokwisha kuchubuka huhisi kama kuchomwa kitu ambacho kwa mwingine ni usumbufu tu. Kwa hiyo anayetibiwa kibofu nyumbani, awe anajitoa mkojo mara kadhaa kwa siku au anaingiza dawa kibofuni mara chache kwa wiki, ana haki ya kutaka maandalizi mazuri, wala asione haya kuuliza.

Anza na mpira wenyewe, na hili ulimalize kliniki kabla hujarudi nyumbani. Kila katheta ina namba ya unene. Igawe kwa 3 upate kipenyo chake kwa milimita. Namba 12 ni milimita 4, namba 9 ni milimita 3. Wengi huchukua waliyopewa siku ya kwanza wakaendelea nayo kwa miezi. Uliza kama ndiyo inayokufaa. Mwenye mkojo mzito au wenye ute huhitaji mpira mpana kiasi, lakini anayeingiza dawa ya majimaji tu mara nyingi anaweza kutumia mwembamba zaidi, na kwenye njia iliyovimba milimita moja si kitu kidogo. Uliza pia kama ipo ile yenye utando unaoteleza ukilowa maji. Mwanamume mwenye tezi dume iliyokua huenda akafaa zaidi kwa katheta yenye ncha iliyopinda, ila hiyo inahitaji kufundishwa, kwa kuwa ncha lazima ielekee juu. Na kama glovu au puto hukuwasha ngozi, sema mapema upewe katheta isiyo ya lateksi, ule mpira wa asili unaotengenezea vitu hivyo.

Jeli ndiyo inayodhulumiwa kuliko vyote. Ipo ya kulainisha tu, na ipo yenye ganzi ya lidokaini, kwa kawaida asilimia 2. Ya ganzi haisaidii ukiipaka kwenye mpira na kusukuma papo hapo, kwa sababu mpira umeshapita kabla ganzi haijashika. Mwanamke huiweka kwenye tundu la mkojo na ndani kidogo. Mwanamume huisukuma polepole ndani ya mrija wa mkojo, kisha hubana uume taratibu chini ya kichwa ili isirudi. Mrija wa mwanamke una takriban sentimita 4 na wa mwanamume hukaribia 20, ndiyo maana kiasi cha jeli hakilingani. Halafu subiri muda ulioelekezwa, mara nyingi dakika 5 hadi 10, na utazame saa, maana mwenye hofu huona dakika mbili kama kumi. Naamini kungoja huku, peke yake, kungewapunguzia wengi nusu ya mateso. Mwenye mzio wa lidokaini au tatizo la mapigo ya moyo amweleze daktari kwanza. Tena usizidishe kipimo eti kwa kuwa kunauma: njia yenye michubuko huipitisha dawa hiyo kwa wingi hadi kwenye damu. Mafuta ya mgando usiyatumie kabisa. Hayachanganyiki na mkojo na huharibu lateksi.

Kama umeruhusiwa dawa ya maumivu ya kumeza, imeze nusu saa hadi saa nzima kabla, si baada ya kuanza kuumia.

Mahali pasikutie wasiwasi. Mwaka 1972, Jack Lapides na wenzake huko Michigan, Marekani, walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa mtu anaweza kujitoa mkojo kwa usafi wa kawaida, bila mazingira ya chumba cha upasuaji. Mikono inaoshwa kwa sabuni, sehemu za siri zinasafishwa, mwanamke akijifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Anayeingiza dawa huenda akapewa masharti zaidi ya usafi; afuate hayo. Kila kitu kiwe karibu na mkono: katheta mbili badala ya moja, jeli, bomba la sindano lenye dawa, chombo cha mkojo, taulo, na kioo kwa mwanamke ambaye bado anatafuta tundu. Funga mlango. Kugongewa katikati ya kazi kunaukaza mwili wote.

Dawa iliyokuwa kwenye friji ikae nje hadi ipoteze ubaridi, kama maelekezo yake yanaruhusu, kwa sababu kimiminika baridi hukifanya kibofu kujikunja kwa nguvu. Uliza mapema pia ufanye nini mpira ukitoa damu. Zipo dawa za kibofu, kama BCG inayotolewa hospitalini kwa saratani, ambazo huahirishwa njia ikichubuka, na ni vizuri kujua kama yako ni miongoni mwa hizo.

Sasa kuingiza. Karibu na kibofu upo msuli unaofunga mkojo, na msuli huo husikiliza hofu. Mpira ukiufikia utahisi umegonga ukuta. Hapo ndipo watu husukuma, na hapo ndipo huumia. Simama bila kuuchomoa. Vuta pumzi, itoe taratibu sana kwa mdomo, legeza taya na mabega, jaribu kama unayekojoa, au kohoa kidogo. Msuli ukilegea mpira unapita kwa mkandamizo mdogo. Mpira ukikataa baada ya majaribio mawili au matatu, acha. Kulazimisha huacha jeraha, jeraha huacha kovu, na kovu huifanya njia kuwa nyembamba zaidi.

Mwanamume aunyooshe uume kuelekea juu, ili mkunjo wa mrija upungue; mwenye govi alirudishe mahali pake akimaliza, lisije likabana na kuvimba. Mwanamke ambaye mpira umeingia ukeni auache hapo kama alama, kisha achukue ule wa pili na kulenga juu yake. Ndiyo maana nimesema mbili.

Kutoka nako kunahitaji upole. Ukihisi mpira umenasa au unavuta ngozi ya ndani, sukuma kidogo ndani, uzungushe, ngoja, kisha jaribu tena. Mchomo wakati wa haja ndogo mara moja au mbili baadaye, au tone la damu ya waridi, huweza kutokea. Maumivu mapya kwa mtu aliyekuwa amezoea ni habari nyingine. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda njia imeanza kuziba, na jeli haitatibu lolote kati ya hayo. Andika siku, namba ya katheta, mahali hasa panapouma (kwenye tundu la mkojo, katikati ya njia au kwenye msuli), na kama ni wakati wa kuingiza, wa dawa kukaa ndani, au wa kutoa. Daktari atafanya mengi zaidi kwa maelezo hayo kuliko kwa kuambiwa tu “inauma”.

Homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni, damu nyingi au yenye mabonge, au kibofu kilichojaa huku mpira umegoma kabisa: nenda ukatibiwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, akianza kuumwa kichwa kwa kishindo na kutokwa jasho usoni, hiyo ni dharura ya presha; akae wima, mkojo utolewe, na msaada uitwe mara moja. Namba ya simu ya kupiga iandike sasa, ukiwa mzima na mtulivu, uibandike pale unapoweka katheta zako.