Somo: Namna ya kusoma kipengele cha MDF kwenye mkataba wa kuunganisha mitandao ya simu

Habari zenu ndugu wanachama. Somo hili ni la fundi aliyekabidhiwa mkataba wa mamia ya kurasa akaambiwa asimamie utekelezaji wake, na pia ni la mwanasheria ambaye hajawahi kuingia ndani ya kituo cha simu. Mifano nimeichukua Marekani. Sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1996, kifungu cha 252, inaitaka tume ya kila jimbo iweke wazi nakala ya mkataba ndani ya siku 10 tangu kuuidhinisha, kwa hiyo mikataba halisi ipo na yeyote anaweza kuisoma bure. Kwa anayejifunza, hiyo ni hazina.

Kwanza tuione MDF yenyewe, yaani Main Distribution Frame, fremu kuu ya usambazaji wa laini kituoni. Ni fremu ndefu ya chuma, mara nyingi inachukua urefu wa chumba kizima. Upande wa wima zinaingia kebo kutoka mtaani, na kila jozi ya waya ina kinga yake ya radi. Upande wa mlalo zinatua waya zinazotoka kwenye mitambo. Katikati zinapita jampa, waya laini zinazounganisha jozi fulani ya mtaani na mlango fulani wa mtambo. Ukihamisha jampa, umemhamisha mteja kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Ndiyo maana kampuni hugombana mno juu ya fremu hii, na ndiyo maana nasema kipengele cha MDF kisomwe kabla hata ya ukurasa wa bei.

Kampuni yenye kebo na jengo nitaiita mwenyeji. Inayokodi laini nitaiita mgeni.

Hatua ya 1: Tafuta laini ya mteja inaanzia wapi na kuishia wapi. Kanuni namba 51.319 ya FCC, tume ya taifa ya mawasiliano ya Marekani, inasema laini ni njia ya mawasiliano kati ya fremu ya usambazaji iliyomo kituoni kwa mwenyeji, au kifaa kinacholingana nayo, na mpaka uliopo kwa mteja. Angalia kama mkataba ulio mkononi mwako unasema hivyohivyo. Ukikuta umeandika "kituo" bila kutaja fremu, simama hapo. Kituo ni jengo zima, na ndani yake kuna mita nyingi za kebo ambazo kila upande utasema si zake.

Hatua ya 2: Tafuta bloku ya mpaka. Mgeni huwa na chumba au kabati lake ndani ya jengo la mwenyeji. Kutoka hapo hadi kwenye MDF inalazwa kebo ya kiungo, nayo inaishia kwenye bloku maalumu, yaani kipande cha fremu ambapo waya hufungwa. Mkataba useme bloku hiyo ni ya nani, nani anaitunza, na kebo ya kiungo ni mali ya nani. Nisingeridhika na maneno tu. Ningetaka mchoro uliosainiwa, wenye namba ya fremu, namba ya bloku, na jozi ya kwanza hadi ya mwisho.

Hatua ya 3: Nani anagusa jampa, na kwa bei gani. Kwa kawaida ni fundi wa mwenyeji peke yake. Tenganisha malipo ya mara moja ya kufunga na malipo ya kila mwezi. Kifungu cha 252 kinataka bei hizi zitokane na gharama, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali njia ya FCC ya kuzikokotoa mwaka 2002. Sina mengi hapa, bei zinajisomea zenyewe.

Hatua ya 4: Kuhamisha laini ikiwa hai. Hapa ndipo nawaomba mtulie, maana upande wa pili kuna mteja mwenye duka, zahanati au mzazi mgonjwa nyumbani, na simu yake inaweza kukatika kwa sababu tu sentensi moja ilisahauliwa kwenye mkataba.

Kazi iliyopangwa vizuri huenda hivi. Siku kadhaa kabla ya tarehe, fundi wa mwenyeji anavuta jampa mpya kutoka bloku ya mgeni hadi ilipo jozi ya mteja, anaiacha tayari bila kuifunga upande huo. Anabana simu yake ya majaribio kwenye bloku ya mgeni na kusikiliza kama toni ipo. Kisha anapiga namba ya utambuzi, mtambo unamsomea namba ya simu iliyopo hapo. Namba ikiwa si ya mteja anayehamishwa, au toni ikiwa haipo, mgeni anapaswa kuambiwa siku hiyohiyo ili arekebishe upande wake. Mkataba usiotaja kipimo hiki cha awali unafanya makosa yagunduliwe wakati mteja tayari yuko kimya.

Siku yenyewe, saa iliyokubaliwa, fundi anasikiliza kwanza laini kuhakikisha mteja haongei. Anaondoa jampa ya zamani na kufunga mpya. Ni dakika chache tu. Lakini kazi haijaisha, maana kama mteja anabaki na namba yake, mgeni lazima aamshe uhamisho wa namba kwenye kanzidata ya pamoja. Kabla hajafanya hivyo, mteja anaweza kupiga, ila wanaompigia wanapelekwa kwenye mtambo wa zamani ambako hayupo tena. Kwa hiyo tafuta sentensi inayosema mwenyeji atamjulisha mgeni ndani ya muda gani baada ya kufunga jampa, na kwa njia gani. "Mapema iwezekanavyo" si muda.

FCC yenyewe ilipima jambo hili kwa makini. Desemba 1999, ilipoiruhusu Bell Atlantic, kampuni mwenyeji ya huko, kuuza huduma za masafa marefu New York, ilitazama uhamishaji huu: kama asilimia 90 au zaidi ulifanyika kwa wakati, na kama chini ya asilimia 5 ndio uliosababisha kukatika kwa huduma. Ruhusa ya biashara kubwa kiasi hicho ilipita kwenye mikono ya mafundi wa fremu.

Hatua ya 5: Hitilafu ikitokea. Soma jinsi mkataba unavyogawa upimaji. Kwenye MDF, ukichomoa kinga ya jozi upande wa wima, umetenganisha mtaa na kituo. Pima kuelekea kituoni: ukikuta takribani volti 48, umeme wa mtambo unafika mpaka hapo. Pima kuelekea mtaani: jozi iliyotengwa haitakiwi kuwa na volti, na ukizikuta, huenda kebo imeingia maji au imegusana na jozi nyingine. Mikataba mingi humtoza mgeni akilalamika kisha hitilafu ikaonekana iko upande wake. Hakikisha tozo hiyo inakwenda pande zote mbili, na kwamba mgeni ana haki ya kuona matokeo ya kipimo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mkataba niliousoma unasema laini nyingine "hazionekani kwenye MDF". Inawezekanaje?*

Marahaba. Inawezekana kabisa. Baadhi ya mitaa huhudumiwa na kabati la dijitali lililo mbali na kituo. Sauti za wateja wengi hukusanywa humo na kuingia moja kwa moja kwenye swichi, yaani mtambo wa kuunganisha simu, zikiwa za dijitali. Kituoni hakuna jozi ya shaba ya mteja huyo, basi hakuna pa kufunga jampa. Mwenyeji itabidi amhamishie mteja kwenye jozi ya shaba iliyo wazi, au kwenye mfumo unaorudisha laini kuwa ya kawaida kabla haijafika kwenye fremu. Uliza mkataba unampa siku ngapi, na nani analipa. Na usiache mwenyeji ajibu "haiwezekani" bila kueleza njia mbadala.

*Kaka, oda yetu imekataliwa, wanasema jozi ya 38 ya kebo ya kiungo inatumika. Kwenye orodha yetu iko wazi. Tuanzie wapi?*

Anzieni kwenye kebo, kompyuta baadaye. Kwa rangi za Marekani, jozi zinapangwa kwa mafungu ya 25. Jozi ya 38 ni ya 13 kwenye fungu la pili: nyeusi na kijani, ndani ya fungu lenye utepe mweupe na chungwa. Aliyesahau utepe atatua kwenye jozi ya 13 ya fungu la kwanza, ambayo ina rangi zilezile. Kagueni pia kama mteja aliyeondoka alitolewa jampa yake. Jampa iliyoachwa huifanya jozi ionekane inatumika hata kama hailipiwi. Mkitoka hapo, ombeni ukaguzi wa pamoja wa kebo nzima, na uandikwe.

*Mwenyeji anatutaka tupitie fremu ya pili ya katikati kabla ya kufika kwenye MDF. Ana haki?*

Kwa Marekani, tangu mwaka 1999 FCC haimruhusu mwenyeji kulazimisha fremu ya katikati pale ambapo kuunganisha moja kwa moja kunawezekana kiufundi. Kila bloku ya ziada ni mahali pengine pa waya kulegea na pengine pa kutozwa. Mkikubali kwa hiari yenu ni sawa, ila sababu iwe yenu.

*Mwalimu, mimi niko Dar es Salaam. Huku ushindani umeletwa na simu za mkononi na shaba inaondoka. Nijifunze haya ya nini?*

Dada, umeona sawasawa. Hata Marekani, mwaka 2019 FCC iliwaondolea wenyeji wajibu wa kukodisha laini za sauti za analogi kwa masharti ya zamani, kukiwa na kipindi cha mpito. Kwa hiyo unaposoma mkataba wa huko, soma na marekebisho yake yote. Kwa kazi yako, chukua mkataba wa mkongo ulio nao na pale niliposema MDF weka ODF, yaani fremu ya usambazaji ya nyuzi za mkongo. Tafuta ODF gani, trei gani na mlango namba ngapi ndio mpaka, nani anaruhusiwa kuchomeka pachikodi (kebo fupi ya mkongo inayofanya kazi ya jampa), na kipimo cha upotevu wa mwanga kinachukuliwa kuanzia wapi hadi wapi. Usipoviona, andika barua ya kuomba viongezwe kabla kebo haijakatika.