Peptidi katika hewa ya Unguja: kununua, kufungua, kuyeyusha

Nafanya kazi maabara hapa Unguja. Kila wakija vijana wa fildi narudia maelezo haya ya peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino inayouzwa ikiwa unga mkavu kwenye vichupa, basi safari hii nimeyaandika.

1. Kununua. Dai hati ya uchambuzi yenye namba ya bechi (mkupuo wa utengenezaji) ileile iliyo kwenye kichupa, ikiwa na kipimo cha usafi na cha uzito wa molekuli. Muuzaji mwenye karatasi moja kwa bechi zote, achana naye. Usafi wa asilimia 98 usikudanganye: kichupa cha miligramu 5 kina chumvi na maji ndani yake, na peptidi yenyewe huenda ikawa asilimia 80 tu, yaani miligramu 4. Suala la kibali cha kuingiza mzigo liulize kabla hujalipa, si mzigo ukishakwama uwanja wa ndege.

Na wale wa jimu wanaonifuata jioni: kichupa kilichoandikwa "kwa utafiti tu" si dawa. Hakuna aliyekipima kwa ajili ya mwili wa mtu. Sitakuchanganyia, hata ukiniita mjomba.

2. Kuweka. Unga mkavu hustahimili siku chache za safari bila barafu, kwa hiyo usipaparike boti ikichelewa. Ukifika, uweke nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, maana hupasha na kugandisha kila mara. Jaza vifuko vya barafu nafasi zilizobaki. Aliyekuwepo hapa Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme, haulizi kwa nini.

3. Kufungua. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Masika moja nilitoa kichupa kwenye friza nikakifungua papo hapo, nina haraka. Hewa yetu imejaa maji. Ikigusa kioo baridi inageuka umande, na unga unaunywa. Wiki ya pili ulikuwa unanata kama halua ya Wete, na matokeo yangu yakawa hayaeleweki. Siku hizi kichupa nakiweka, kimefungwa, ndani ya chombo chenye silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu, kwa saa nzima. Nje kikiwa bado na jasho, sikigusi. Kisha nakizungusha kidogo kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, unga ulioganda kifunikoni ushuke.

4. Kuyeyusha. Tunayeyushia maji ya bakteriostatiki, yaani maji safi ya sindano yenye benzili alkoholi asilimia 0.9. Hayaui bakteria wote, huwazuia kuzaliana, ndiyo maana chupa hutobolewa mara nyingi. Andika tarehe ya kuitoboa. Siku 28 zikipita, mwaga. Kwa kazi ya seli hai tumia maji safi matupu, kwani alkoholi hiyo hudhuru seli.

Futa kifuniko kwa spiriti, kiache kikauke. Maji yateremke taratibu ubavuni mwa kichupa. Zungusha polepole, usitikise likatoka povu. Miligramu 4 kwa mililita 2 ni miligramu 2 kwa mililita. Ukipiga hesabu kwa ile 5 ya kwenye lebo, utapata 2.5, na jaribio zima litapinda.

5. Kugawa. Gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika, rudisha kwenye friza. Kichupa kidogo kikishatolewa kwenye friza na barafu yake ikayeyuka, hakigandishwi tena. Kikibaki, kinakwenda kwenye ndoo ya taka za maabara.