Uzito wa flaiwili kwa mashine ya boti ya kasi

Msimu wa Kusi uliopita, nahodha mmoja kijana wa Faza, huku kwetu Lamu, aliniletea mashine yake ya nguvu za farasi arubaini, Yamaha Enduro ya silinda mbili. "Ami, mashine yafa kila nikitia gia. Kabureta nimesafisha mara tatu." Nilipofungua kifuniko niliona tatizo kabla sijashika spana. Ukingo wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na shafti ya mashine, uling'aa, umejaa mistari myembamba ya kisu cha kerezo. Alikuwa ameambiwa kwamba akipunguza chuma pale, boti itaruka. Tukaitundika kwenye mizani ya muuza samaki, kisha tukatundika nyingine ya mashine kama hiyo niliyoiweka kwa ajili ya spea. Yake ilipungua kilo moja na robo, na sumaku moja ya ndani ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Nilimkalisha nikamweleza haya, maana wengi sasa wananijia na swali lile lile: flaiwili ikipunguzwa uzito, boti itaongeza kasi?

Flaiwili ni akiba ya nguvu. Silinda ikilipuka huisukuma, na kati ya mlipuko mmoja na unaofuata, akiba hiyo ndiyo inayoendelea kuzungusha shafti. Kwa hivyo kwanza hesabu silinda zako. Mashine ya silinda moja ya mipigo minne hupata mlipuko mmoja kwa kila mizunguko miwili. V8, yaani ya silinda nane, ya mipigo minne hupata minne kwa mzunguko mmoja tu. Ya kwanza bila chuma kizito haiwezi kunguruma taratibu. Ya pili inaweza kuvumilia kupunguzwa.

Halafu fikiria mwendo wa mashine. Akiba ya flaiwili hukua kwa mraba wa mizunguko: ukizidisha mizunguko mara mbili, akiba huongezeka mara nne. Mashine ikizunguka mara 700 kwa dakika ina sehemu moja tu kati ya 64 za akiba iliyo nayo ikifika 5,600. Basi ukipunguza chuma, pigo halikupati kule juu ambako akiba ni tele. Linakupata pale chini, gatini Mokowe, abiria wamejaa, maji ya bamvua yanakupwa kwa nguvu, nawe unatia gia kujitoa kwenye nguzo. Kijana wa Faza alizimikiwa hapo hapo, mkondo ukambamiza gatini na ubao wa ubavuni ukapasuka.

Wenye magari ya mashindano hupunguza flaiwili kwa sababu gari hubadilisha gia kila mara, na kila mara mashine lazima ipande na kushuka haraka. Boti ina gia moja ya mbele. Ukishapanda juu ya maji, unashika mizunguko ile ile hadi Kizingitini, na mwendo usipobadilika flaiwili haikuongezei wala haikupunguzii nguvu. Hata wakati wa kupanda, mashine hupambana na uzito wa boti na maji yanayoshika rafadha. Ukikaza moto gia ikiwa huru utasikia mashine nyepesi inapaa vizuri sana, lakini mlio huo ni wa bure, kwa kuwa hakuna maji mbele yake. Kama boti yako nzito kupanda, anza na rafadha. Kupunguza pichi, yaani umbali ambao rafadha ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi, na ni kazi ya nusu saa.

Kuna jambo moja ambalo uzito husaidia na kuumiza kwa pamoja. Ukitoka mkondo wa Shela kuingia bahari kuu, boti huruka wimbi na rafadha hutoka majini. Flaiwili nyepesi huacha mashine ipae ghafla. Nzito hupaa polepole, lakini rafadha ikiuma maji tena, akiba yote hiyo hushukia meno ya gia. Mimi huchagua nzito, na humwambia nahodha apunguze moto kabla wimbi halijamwinua.

Kwa hiyo boti ya abiria, ya uvuvi au ya kukodisha, acha uzito wa kiwandani. Anayeweza kupunguza ni mwenye mashine iliyofungwa ndani ya boti, ya silinda sita au nane, boti nyepesi, anayeshindana na hajali mashine ikitetemeka ikiwa huru. Naye aangalie chuma kinatoka wapi, maana kilo iliyo sentimita 15 kutoka katikati inafanya kazi mara nne ya kilo iliyo sentimita 7.5. Mizani peke yake haikwambii yote. Flaiwili mbili za uzito mmoja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Pia mashine ya ndani ikipunguzwa sana, meno ya gia huanza kugongana ikinguruma taratibu. Utasikia kama karanga zinatikiswa ndani ya mkebe.

Usikereze flaiwili ya chuma cha kusubu. Yenye kipenyo cha sentimita 30, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia zaidi ya kilomita 330 kwa saa, na ikipasuka vipande hupita kwenye sakafu ya boti na miguu ya watu. Nunua ya steeli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikiwa na meno yake ya stata. Tena uliza kama mashine yako hutegemea flaiwili kwa usawa wake. Chevrolet 454, ambayo MerCruiser, watengenezaji wa mashine za boti, waliiuza kama ya lita 7.4, ina uzito wa kusawazisha kwenye flaiwili. Ukiweka isiyo na uzito huo, mashine itatikisika hadi beringi ziishe.

Mashine za kuning'inia nyuma ya boti, hapana kabisa. Flaiwili yake imebeba sumaku za moto wa plagi na za kuchaji betri. Kuitoa tumia pula, kile kifaa cha kuvutia, si nyundo. Ukiirudisha, futa koni ya shafti na tundu lake hadi vikauke, usipake grisi: msuguano wa koni ndio unaobeba nguvu, ile kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya shafti na flaiwili, kazi yake ni kushika majira ya moto tu. Nati ikaze kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha mashine hiyo.

Kisha jaribu majini. Funga boti gatini kwa kamba mbili, mashine ipate joto, tia gia mbele na nyuma mara kumi huku ukitazama mita ya mizunguko. Ikishuka na kupanda yenyewe, uzito unatosha. Baadaye pakia watu, ukabili mkondo, urudie. Ya Faza tuliifunga ile flaiwili ya spea, ikashika gia mara zote kumi. Nikaandika uzito wake kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko, ili fundi atakayefuata asilazimike kukisia.