Akiba ya Ubongo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kustaafu

Miaka 60 ya kustaafu kwa lazima inapokaribia, mazungumzo ya watumishi wengi Dar es Salaam huwa ya kiinua mgongo, vyumba vya kupangisha na shamba la Mkuranga. Yote hayo ni ya maana. Lakini kazi, pamoja na kero zake, ilikuwa ikiulazimisha ubongo kushika majina mapya, kusoma barua ndefu, kujenga hoja na kupanga ratiba. Mazoezi hayo hukoma siku moja na barua ya kustaafu, kwa hiyo mbadala wake utafutwe mapema.

Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wa bongo za wazee 137 waliofariki wakiwa katika makazi ya kutunzia wazee. Kumi kati yao walikutwa na alama za maradhi ya Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu), ilhali walipokuwa hai akili zao zilifanya kazi sawa na za wasio na ugonjwa, au kuwazidi. Bongo zao zilikuwa nzito zaidi na zenye seli nyingi zaidi za neva. Watafiti waliofuata, hasa Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia, walieleza pia upande wa utendaji, yaani jinsi ubongo unavyotumia njia zake: Barabara ya Morogoro ikifunga pale Magomeni, dereva anayevijua vichochoro bado atafika. Huo uwezo wa kupata njia nyingine ndio unaoitwa akiba ya utambuzi. Ugonjwa wenyewe hauzuiwi nao. Kinachosogezwa mbele ni siku dalili zitakapoanza kuonekana.

Sehemu kubwa ya akiba hujengwa shuleni utotoni, ila aliyeishia darasa la saba hajafungiwa mlango. Kazi, lugha, michezo na kuishi na watu huongeza. Shughuli ya kuchagua iwe mpya kwako, iwe ngumu kiasi cha kukukosesha, na ikukutanishe na watu. Bao la kete linafaa sana: mashimo 32, kete 64, na wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, kila mtu anaanza na kete 22 mkononi huku akipiga hesabu ya mzunguko kabla hajatia kete hata moja. Linapoteza faida pale unapocheza na mtu yuleyule unayemfunga kila jioni. Kwaya inayojifunza nyimbo mpya, darasa la tajwidi, ushonaji, au uweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, vyote vinakidhi vigezo. Michezo ya simu inayojitangaza kunoa akili hukufanya hodari wa mchezo huohuo, basi. Ushahidi kwamba faida yake inafika kwenye maisha ya kila siku ni hafifu.

Kuhusu lugha, utafiti wa Hyderabad nchini India uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wagonjwa 648 wa dementia (kupungukiwa kumbukumbu na akili, kama katika Alzheimer), na wenye lugha zaidi ya moja walianza kuonyesha dalili miaka 4.5 baadaye kuliko wenye lugha moja, hata miongoni mwa wasiojua kusoma. Tafiti nyingine zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi hazikupata tofauti hiyo. Kwa hiyo endelea kukisema Kizaramo au Kihaya chako, lakini usikifanye kinga pekee.

Vichochoro havisaidii kama mishipa inayolisha ubongo imeharibika. Presha ipimwe vizuri: keti dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono wazi usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, na dakika 30 zimepita tangu kahawa au sigara. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, andika zote, acha za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani. Ukifika 135/85 nyumbani, nenda kituo cha afya na daftari lako. Kosa linaloumiza wengi ni kuacha dawa kwa sababu kichwa hakiumi. Presha haihitaji kuuma ili iharibu mishipa. Sukari nayo ipimwe. Tembea harakaharaka dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukipanda bodaboda, vaa helmeti na ufunge mkanda wake.

Masikio husahaulika. Asiyesikia vizuri huchoka kukisia maneno, huacha kwenda vikaoni, na ubongo hukosa chakula chake. Aanze kwa kuangaliwa nta, kisha apimwe usikivu. Akiandikiwa shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia), alivae kila siku na si kwa sherehe tu. Mtoto wa jicho nao huondolewa kwa upasuaji.

Chunguza pia dawa za dukani. Klorofeniramini ya mafua na mzio, ile inayoleta usingizi, huvuruga kumbukumbu za wazee ikitumiwa mara kwa mara. Metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta usahaulifu unaotibika. Usiache dawa mwenyewe, omba kipimo.

Sasa jambo ambalo familia za wasomi hukutana nalo. Mwenye akiba kubwa huuficha ugonjwa kwa muda mrefu, na dalili zikitokea ubongo umeshaharibika sana, hivyo mara nyingi huporomoka kwa kasi kuliko wengine. Mwalimu mstaafu anaweza kufaulu maswali ya daktari huku akishindwa kujumlisha hesabu za kodi alizozifanya miaka yote. Mlinganisheni na alivyokuwa yeye, si na jirani. Kwa sababu hiyohiyo wosia uandikwe akili ikiwa timamu bila ubishi (RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huhifadhi wosia), hati za nyumba zijulikane zilipo, na mwanasheria aulizwe mapema nani atasaini kwa niaba ya mzee.

Siku ya kwenda kliniki, beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, za mitishamba zikiwemo, daftari la presha, miwani na shime sikio. Aende na mtu anayeishi naye, akiwa na orodha ya mabadiliko na miezi yalipoanza. Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usisubiri miadi: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi, na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo.